Maafisa Wawili, Ukuta Mmoja wa Kiyovu

Mnara wa afisa aliyefia nchi ya watu huwa na wenyewe wawili. Waliomtuma wanataka jina lake lisomeke. Waliompokea wanataka isomeke pia siku ile alikuwa akifanya nini, na kwa ajili ya nani. Kwa kawaida waliomtuma ndio wanaolipa mafundi, hivyo ndio wanaochagua maneno. Wenyeji hubakiwa na kiwanja, majani ya kufyeka na wageni wa kupokea kila mwaka. Kigali inalibeba suala hili kwa uzito wa pekee, maana maafisa wawili wa kigeni waliouawa hapa mwaka 1994 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa wamekumbukwa kwa njia mbili zisizofanana. Luteni Thierry Lotin wa Ubelgiji ana mnara wa mawe katikati ya mji. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal ana medali yenye jina lake, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama huko New York. Nashikilia kwamba kumbukumbu hizo mbili zitabaki nusu nusu mpaka zisimuliwe mahali pamoja, kwa sababu kazi za watu hawa wawili zilikutana kwenye familia moja na ukuta mmoja wa mtaa wa Kiyovu.

Tuanze na mawe. Camp Kigali ilikuwa kambi ya jeshi la serikali ya wakati huo. Leo eneo limebadilika, na jina lake linajulikana kwa vijana wengi kama mahali pa mikutano na maonyesho ya biashara. Lakini jengo moja dogo limeachwa lilivyokuwa, kuta zikiwa na matundu ya risasi, na nje yake zimesimama nguzo kumi za mawe, moja kwa kila askari wa Ubelgiji aliyeuawa pale tarehe 7 Aprili 1994. Kwenye nguzo zimechongwa herufi za kwanza za jina na mikato ya mlalo inayohesabu miaka aliyoishi. Anayetaka kujua umri wa askari huyu au yule hana budi kusimama na kuhesabu. Huu ni ubunifu wa heshima kubwa. Unamkalisha mgeni na marehemu mmoja mmoja, na kamanda haachwi peke yake juu huku walio chini yake wakifungwa katika fungu la "na wenzake". Lotin aliongoza kikosi kidogo cha mota kutoka batalioni ya pili ya makomando, yenye makao Flawinne nchini Ubelgiji. Hapa nguzo yake ni moja kati ya kumi.

Kisichosomeka kwenye mawe yenyewe ni ile asubuhi.

Usiku wa 6 Aprili ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Kwa mujibu wa sheria, uongozi wa serikali ulikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana, na Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoitwa UNAMIR, alitaka mama huyo azungumze redioni asubuhi ili wananchi wajue kwamba nchi bado ina mwenye kuisemea. Lotin na watu wake tisa walitumwa nyumbani kwake Kiyovu kumsindikiza hadi Radio Rwanda. Pale walikuta walinzi watano wa Ghana. Kabla safari haijaanza, nyumba ilikuwa imezingirwa na askari wa serikali, wakiwemo wa kikosi cha kumlinda Rais. Waziri Mkuu aliruka ukuta akajificha kwa majirani. Walimtafuta, wakampata, wakamuua kabla siku haijafika mbali. Wabelgiji na Waghana walinyang'anywa silaha, wakapakiwa kwenye basi dogo na kupelekwa Camp Kigali, ambako askari walikuwa wamejazwa uvumi kwamba Wabelgiji ndio walioiangusha ndege. Waghana walitengwa na kuachiwa. Wabelgiji wote kumi waliuawa, baadhi kwa kipigo uwanjani, na waliosalia baada ya kujihami kwa saa kadhaa ndani ya kile kijengo wakiwa na bunduki waliyompokonya mmoja wa washambuliaji.

Kwa miaka mingi, Ubelgiji na kwingineko, wapo waliouliza kwa nini Lotin alikubali kusalimisha silaha. Alikuwa kwenye redio na wakubwa wake, akieleza anachokiona, akiomba mwelekeo. Yeye na askari wake walikuwa kumi, waliomzunguka walikuwa wengi mno, na ujumbe mzima wa UNAMIR ulikuwa umefundishwa kwa miezi kadhaa kwamba njia ya kutatua mambo ni mazungumzo. Mahakama ya kijeshi ya Ubelgiji ilimshtaki Kanali Luc Marchal, kamanda wa Wabelgiji mjini Kigali, na mwaka 1996 ikamwachia huru. Mwaka 2007 mahakama ya Brussels ilimhukumu Meja Bernard Ntuyahaga wa jeshi la zamani la Rwanda kifungo cha miaka 20 kwa sehemu yake katika mauaji hayo. Kwa maoni yangu, kumshushia lawama luteni aliyekuwa kwenye ua wa nyumba ile ni kuwapunguzia mzigo waliokuwa ofisini.

Na ofisini habari zilikuwepo. Tarehe 11 Januari 1994, karibu miezi mitatu kabla, Dallaire alituma New York ujumbe wa siri kutoka kwa mtoa habari aliyekuwa ndani ya wanamgambo wa Interahamwe. Ujumbe ulitaja maghala ya silaha, ukataja orodha za Watutsi zilizokuwa zikiandaliwa, na ukataja mpango wa kuwaua baadhi ya askari wa Ubelgiji ili nchi yao iwaondoe wote. Dallaire aliomba ruhusa ya kuvamia maghala hayo. Alikataliwa. Kwa hiyo nguzo kumi za Camp Kigali ni kumbukumbu ya shambulio lililopangwa kwa shabaha mahususi, na shabaha hiyo ilifikiwa kama ilivyokusudiwa. Ndani ya wiki moja serikali ya Ubelgiji ilikuwa imeamua kuondoa kikosi chake chote, kilichokuwa uti wa mgongo wa UNAMIR, na ikawashawishi wengine wafanye vivyo hivyo. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kuipunguza UNAMIR iliyokuwa na watu zaidi ya 2,500 hadi wapatao 270, huku mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa yamepamba moto.

Ndiyo maana mnara huu haukubali kusomwa kwa namna moja. Mtu akitokea Flawinne anaona vijana kumi waliotumwa mbali wakauawa kikatili. Mtu akitokea Kicukiro anaona mwanzo wa kuachwa. Tarehe 11 Aprili askari wa Ubelgiji waliokuwa katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, walifungasha na kuondoka, wakiacha nyuma zaidi ya watu 2,000 waliokimbilia kwenye bendera ya buluu. Wengi wa watu hao waliongozwa hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa. Msomaji wa Flawinne hakosei, wa Kicukiro hakosei. Ila yeyote anayewatwisha wale kumi uamuzi uliofanywa wakiwa tayari ni maiti, anawadhulumu. Walikufa wakiwa wamesimama kati ya Waziri Mkuu na wauaji wake. Walioamua kuondoka walikuwa hai, mawaziri na majenerali, na mnamo Aprili 2000 Waziri Mkuu Guy Verhofstadt alikuja Kigali akaomba radhi kwa niaba ya Ubelgiji. Mwaka huohuo ndipo mnara ulipozinduliwa. Radhi na mawe vilikuja pamoja, jambo ambalo kwangu lina maana kuliko umbo lolote la nguzo.

Sasa turudi kwenye ukuta ule wa Kiyovu.

Watoto watano wa Agathe Uwilingiyimana walibaki hai upande wa pili wa ukuta, wamefichwa katika makazi ya watumishi wa Umoja wa Mataifa. Askari waliomuua mama yao wangeweza kurudi wakati wowote. Aliyewatoa pale ni Mbaye Diagne, kapteni wa miaka 36, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha, ambaye alikuwa amekuja Rwanda mwaka 1993. Aliwapakia kwenye gari lake na kuwafikisha Hôtel des Mille Collines, na hatimaye watoto hao wakatolewa nje ya nchi. Hakuna amri iliyomtuma. Kwa kweli amri zilizokuwepo zilikuwa kinyume: waangalizi waliagizwa wasijiingize katika kuwaokoa raia. Diagne aliendelea, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, akiwavusha watu watatu au wanne kwa safari kupitia vizuizi vya barabarani vilivyosimamiwa na wanamgambo wenye mapanga. Silaha zake zilikuwa sigara za kugawa, mizaha, sura inayojulikana na ujasiri wa kusimama mbele ya mlevi mwenye rungu bila kushusha macho. Dallaire alijua, na hakumkataza. Waliookolewa wanahesabiwa kwa mamia.

Tarehe 31 Mei 1994 alikuwa akirudi makao makuu ya UNAMIR akiwa na ujumbe kutoka kwa mkuu wa jeshi la serikali kwenda kwa Dallaire. Kwenye kizuizi, kombora la mota lililorushwa kutoka upande wa waasi wa RPF likaanguka karibu na gari, na kipande chake kikamuua palepale. Ilikuwa imebaki siku chache arudi nyumbani kwa mkewe na watoto wake wawili. Wenzake wamesimulia kwamba UNAMIR haikuwa hata na mfuko wa kuhifadhia maiti. Ilibidi watafute turubai. Umaskini wa ujumbe ule, ulioachiwa watu wachache na vifaa vichache, upo wote katika jambo hilo moja.

Kisha jina lake likanyamaza kwa muda mrefu mno nje ya Senegal na Rwanda. Mwaka 2010 Rwanda ilimtunuku medali ya Umurinzi. Mwezi Mei 2014, miaka 20 baada ya kifo chake, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2154 la kuanzisha Medali ya Kapteni Mbaye Diagne kwa ujasiri wa pekee, na mwaka 2016 familia yake ikakabidhiwa ya kwanza. Umoja wa Mataifa uliokuwa umemwagiza asiokoe watu ukaifanya kazi aliyoifanya bila idhini kuwa kipimo cha juu kabisa cha ushujaa wake. Nalitaja hili kwa uchungu, lakini pia kwa shukrani, kwa sababu taasisi kubwa hukiri makosa yake mara chache, na hii ilikuwa njia mojawapo ya kukiri.

Tazama basi. Lotin alitumwa na mkubwa wake kumlinda mama, akauawa. Diagne hakutumwa na mtu kuwalinda watoto, akawaokoa, akauawa baadaye. Mama mwenyewe amezikwa Remera, kwenye makaburi ya mashujaa wa taifa, akiwa katika daraja la Imena. Nguzo ziko Camp Kigali, kaburi la mama liko kilima kingine, jina la kapteni linakaa kwenye medali ng'ambo ya bahari. Mtoto wa shule anayepelekwa sehemu moja kati ya hizo hawezi kukisia kwamba ni kisa kimoja.

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kukumbuka maafisa wa kigeni vibaya, na inafaa kuipitia ili tuone Kigali imevuka wapi na imekwama wapi. Kapteni Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917 akipigana na jeshi la Wajerumani. Alizikwa palepale, kaburi lake linatunzwa hadi leo, na mwaka 1922 pori kubwa la wanyama likapewa jina lake. Sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, lakini kaburi bado lipo na watalii bado wanapelekwa. Katika vita hivyohivyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na homa, wakibeba risasi na unga wa jeshi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ilieleza sababu bila kuficha: maafisa wa kikoloni waliamini kwamba Waafrika hawangethamini jiwe lenye jina.

Ile Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Ni kazi nzuri ya shaba, bunduki imeelekezwa mbele, na maandishi yake yamo kwa Kiswahili pia. Lakini askari huyo ni wote na si yeyote. Kapteni mmoja anapata kaburi, jina na pori zima. Maelfu wanapata umbo moja lisilo na jina. Nikilinganisha na hayo, nguzo za Camp Kigali ni hatua kubwa: kamanda na askari wake wanapewa kiasi sawa. Tatizo lake ni lingine. Zinamtaja kila aliyekufa upande mmoja tu wa tukio.

Kuna jambo lililobadilika tangu enzi za Selous ambalo watu hawalifikirii vya kutosha. Zamani mnara ulikaa juu ya kaburi, kwa sababu askari alizikwa alipoangukia. Siku hizi ndege inakuja, jeneza linafunikwa bendera, na marehemu anazikwa kwao. Diagne amezikwa Senegal. Lotin na wenzake walirudishwa Ubelgiji. Maana yake ni kwamba mnara wa mahali pa kifo hauna tena mifupa chini yake. Mjane ana kaburi lake kwingine, wazazi wana pa kuweka maua. Kilichobaki pale alipoangukia kinamhusu mwenyeji zaidi kuliko familia, na hapo ndipo hoja ya kuwaachia waliomtuma waandike kila kitu inapopoteza nguvu. Walinena wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mgeni alikuja mwenyeji apone, basi mwenyeji ndiye mwenye ushahidi wa kama alipona au hakupona, na ushahidi huo ndio mnara unaoukosa.

Watanzania wanalijua jambo hili kwa upande wa pili, wa wanaotuma. Makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, yana askari waliokufa katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Makaburi ya Naliendele, Mtwara, yana waliofia Msumbiji. Yote mawili yako karibu na mpaka, ndani ya ardhi ya Tanzania, kama kwamba nchi ilinyoosha mkono ikawavuta wanawe waliokuwa ng'ambo. Mpangilio wa Kaboya ni wa safu za makaburi yenye majina, na ukipita kati yake unaona vyeo mbalimbali vikilala pamoja. Lakini Mganda anayetaka kukumbuka kilichotokea upande wake hana la kusoma Kaboya, na Mtanzania anayetaka kujua mtoto wake alifia barabara gani hana budi kuuliza wazee.

Katika Kongo ya mashariki pengo hilo ni kubwa zaidi. Tanzania imepoteza askari wengi pale. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na Watanzania zaidi ya kumi wakauawa kwa usiku mmoja. Mwaka uliofuata, Novemba 2018, katika mapigano karibu na Beni dhidi ya waasi wa ADF, askari mmoja wa Malawi, Chancy Chitete, alimburuta koplo wa Kitanzania aliyejeruhiwa hadi kwenye kinga na kumtibu jeraha. Chitete mwenyewe alipigwa risasi akafariki. Koplo alipona. Mwaka 2019 Chitete alitunukiwa, akiwa marehemu, Medali ya Kapteni Mbaye Diagne. Kwa hiyo lile jina la Msenegali aliyefia kwenye kizuizi cha Kigali limekwenda kwa Mmalawi aliyemwokoa Mtanzania katika msitu wa Kongo. Sijui mnara wa mawe unaoweza kusafiri hivyo. Hii ndiyo nguvu ya kumkumbuka mtu kwa tendo lake badala ya kwa mahali alipoangukia, na ndiyo sababu sioni kwamba Diagne amepunjwa kwa kupewa medali. Aliyepunjwa ni mkazi wa Kigali, ambaye medali hiyo haimfikii.

Somalia inatoa fundisho chungu zaidi. Al-Shabaab walipoivamia kambi ya Wakenya ya El Adde tarehe 15 Januari 2016, serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Majeneza yalionekana, misiba ilifanyika kijiji kwa kijiji, lakini taifa halikupewa hesabu. Waganda walipovamiwa Buulo Mareer mwezi Mei 2023, Rais Museveni alitangaza hadharani kwamba askari 54 waliuawa, akiwemo kamanda wao. Tangazo lile liliuma, lakini liliwapa wafiwa jambo ambalo hakuna mnara unaoweza kulitoa: kukiri kwa wakati. Pasipo hesabu ya wazi, mnara wowote utakaojengwa baadaye utakuwa unakisia.

Rwanda yenyewe imeshageuka kutoka nchi iliyopokea walinda amani ikawa nchi inayowatuma. Mwezi Agosti 2004 askari 154 wa Rwanda walitua Darfur, miaka kumi tu baada ya UNAMIR kupungua mbele ya macho yao. Wapo waliorudi kwenye majeneza. Mwezi Julai 2008, katika shambulio moja la kuvizia, Wanyarwanda watano walikuwa miongoni mwa walinda amani saba waliouawa. Mwezi Mei 2015 mkutano uliofanyika mjini hapa ulitoa Kanuni za Kigali kuhusu ulinzi wa raia, ahadi 18 ambazo nchi zinazotuma majeshi huzikubali kwa hiari. Mojawapo inataka makamanda wapewe madaraka ya kutumia nguvu kuwalinda raia bila kusubiri idhini kutoka makao makuu ya nchi zao. Ukiisoma ukiwa na kisa cha Lotin kichwani, akiwa na redio mkononi akingoja jibu, na kisa cha Diagne aliyeacha kungoja, utaelewa kanuni hiyo ilitoka wapi. Mwaka 2021 askari wa Rwanda walikwenda Cabo Delgado, Msumbiji, kwa makubaliano ya nchi mbili. Watakapokumbukwa waliofia huko, swali la nani ataandika nini, na kwa lugha gani, litakuwa juu ya meza yetu tukiwa upande wa waliotuma.

Na hapa pana dharura. Tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji kwa sababu ya mgogoro wa Kongo. Wanadiplomasia walipewa saa 48. Nguzo kumi hazina pasipoti, zimebaki. Mnara unaotegemea ubalozi kwa maua, hotuba na fundi wa kuziba ufa uko mashakani kila mabalozi wanapogombana. Ukiwa na wenyeji wanaouona kuwa wao, unaweza kuvuka ugomvi wowote. Nisingependa hata kidogo kuona hasira ya leo dhidi ya Brussels ikimwangukia luteni aliyekufa akimlinda Waziri Mkuu wetu. Heshima yake haikutoka kwa serikali yao, na serikali yao haiwezi kuondoka nayo.

Nayaandika haya nikiwa Batsinda, na mtaa huu una neno la kusema. Mwaka 2008, Kiyovu ya chini, ile iliyoitwa ya maskini, ilipobomolewa ili kupisha ujenzi wa kisasa, Jiji la Kigali lilijenga huku, katika tarafa ya Kinyinya, nyumba zaidi ya mia mbili za matofali kwa familia zilizohamishwa. Kwa maneno mengine, sehemu ya waliokuwa majirani wa nyumba ile ya Waziri Mkuu na wa kambi ile walihamia huku, kaskazini mwa jiji, mbali na mawe. Ukishuka kwa basi kutoka Batsinda kupitia Kagugu na Gakiriro unapita Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari yaliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Pale kila mwenye kupita basini anajua ni pahala pa nini, hata asiposhuka. Ukiendelea kupanda hadi mjini na kupita Camp Kigali, abiria wengi wanasema tu kwamba hapo walikufa Wabelgiji.

Kosa hilo si la abiria. Mawe yamejibu swali lililoulizwa na Ubelgiji, nayo yamelijibu vizuri. La kwetu halijaulizwa. UNAMIR ilipoteza watu 27 nchini Rwanda. Kumi wana nguzo Camp Kigali, nao wengine 17, akiwemo Diagne, wanastahili kutajwa kwenye kiwanja hichohicho. Ubao mmoja mrefu wa chuma ukutani, nje ya kile kijengo, ungetosha. Uandikwe majina yote 27, kila moja na nchi yake, ili Mghana na Msenegali wasikae nyuma ya Mbelgiji. Uandikwe jina la Agathe Uwilingiyimana na anwani ya nyumba iliyozingirwa. Utajwe ujumbe wa 11 Januari, itajwe ETO na tarehe yake, litajwe azimio namba 912 na idadi ya waliobakishwa. Uandikwe kwa Kinyarwanda kwanza, kisha Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii na ndiyo lugha ya majeshi mengi yanayolinda amani katika ukanda wetu, kisha Kifaransa na Kiingereza. Na katika kuuandaa waitwe wazee wa Kiyovu walioko Batsinda, ambao wengi wao sasa wamevuka miaka sitini, waeleze walichokiona na kukisikia asubuhi ya 7 Aprili, wakati bado wanaweza kupanda basi kwenda mjini kuonyesha ukuta ule ulisimama wapi.